Kipimo cha Pili

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, duka la vifungo lilikuwa limejaa watu kiasi kwamba hata pumzi ilibidi ipange foleni. Mafundi walinyoosha mikono juu ya vichwa vya wenzao wakipunga vipande vya vitambaa kama mashabiki wa timu inayofungwa.

"Zipu nyeusi, inchi saba!"

"Uzi kama huu, lakini uliokoza kidogo!"

"Mama, mimi nimetangulia!"

Katikati ya vita hivyo alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu. Alikuwa ameshika kifungo kimoja kati ya vidole viwili, kwa heshima ambayo mtu hushikia jino la mtoto lililong'oka. Kila aliyemkanyaga, ni yeye mwenyewe aliyemwomba radhi.

"Samahani. Samahani. Samahani sana."

Hakuna aliyemjali, isipokuwa mwanamke mmoja aliyesimama pembeni ya kaunta akichagua ndoano za sketi. Alivaa gauni la pamba la rangi ya udongo, lisilo na pambo hata moja, lakini lililomkaa hivi kwamba wanawake wengine dukani walilitazama mara mbili: mara ya kwanza kwa mazoea, mara ya pili kwa wivu. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake. Aliposikia "samahani" ya nne aliinua kichwa. Sauti ile aliijua. Kila siku saa moja asubuhi ilimsomea habari redioni wakati akikata vitambaa: mafuriko, bajeti, ajali na matokeo ya mpira, vyote kwa utulivu uleule, kana kwamba dunia ni shuka linalokunjwa.

Hakumwambia hivyo. Alisema tu, "Hicho kifungo hakina kosa."

"Kimeng'oka."

"Kimekimbia. Koti limekubana. Ukishona kingine, nacho kitakimbia."

"Mwaka jana koti hili lilikuwa zuri tu."

"Koti halijabadilika, kaka yangu."

Mafundi wawili waliokuwa karibu walicheka bila kujificha. Mwanamke hakucheka, na hilo ndilo lililompata yule mwanamume. Wengi walikwisha kumtania maishani, lakini hakuna aliyewahi kumtania kwa uso mkavu namna ile, kama daktari anayesoma majibu ya maabara.

"Wewe ni fundi?"

"Mbunifu wa mavazi. Nachora mwenyewe, nakata mwenyewe, nashona mwenyewe."

"Na wateja unawatukana mwenyewe."

"Hujawa mteja bado."

"Basi nifanye mteja. Miaka tisa nimesoma habari redioni, na redioni ningeweza kusoma nimevaa taulo."

"Uliwahi?"

"Mara mbili. Umeme ulikatika nikipiga pasi. Sasa wananipeleka televisheni. Jumatatu ya tatu kutoka leo, taarifa ya saa saba mchana. Sina nguo ya kuonekana na watu."

Mbunifu alimpa kadi yake. Mtangazaji aliiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akahakikisha ameonekana akiiweka. Kisha akaondoka bila kununua kifungo.

*

Sasa ni wajibu wetu kueleza hali ya Mbunifu, maana uso ule mkavu haukuwa maringo.

Mama yake alifariki miaka miwili kabla ya Jumamosi hiyo, siku ya Jumanne. Jumatano, Mbunifu alikabidhi gauni la bibi harusi na magauni matatu ya wasimamizi wake, kwa saa iliyoahidiwa, yakiwa yamepigwa pasi. Watu walisema ana moyo wa chuma. Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Alingoja asikie, na wiki zikapita, halafu miezi. Huzuni ingekuwa afadhali, kwani huzuni ina ladha. Hii yake ilikuwa ganzi. Alikula kwa sababu chakula kilikuwa mezani. Mwanamume mmoja alipomwambia kwamba anampenda, alijikuta anatazama jinsi kola ya shati lake ilivyoshonwa vibaya.

Kazi, hata hivyo, ilikwenda. Alikuwa amechora nguo miaka sita kwa kampuni iliyoweka jina la mwingine kwenye kila alichochora, kisha akaacha na kukodi chumba juu ya duka la rangi za ukuta. Sasa mwenye duka moja kubwa la nguo katika barabara pana, ambaye mafundi wote walimwita Madam, alikuwa amemwagiza magauni kumi na mawili. Yangewekwa dirishani mwisho wa mwezi yakiwa na lebo yenye jina lake. Jina lake mwenyewe, lililotariziwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi. Alipozipokea zile lebo alizitazama kwa muda mrefu, akisubiri kufurahi. Alijua kwamba ni jambo kubwa. Alilijua tu, kama mtu anavyoujua mji mkuu wa nchi ambayo hajawahi kufika.

Chumbani alifanya kazi na watu wawili, ikiwa tutahesabu sanamu. Wa kwanza alikuwa Shangazi, dada wa baba yake, karani mstaafu wa mahakama, aliyepinda nguo na kuandika vipimo vya wateja kana kwamba anaandika ushahidi wa kesi ya mauaji. Wa pili alikuwa sanamu la kiume la kujaribishia nguo, lisilo na kichwa. Shangazi aliliita Mkwe, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee aliyedumu humo ndani zaidi ya saa moja.

Mtangazaji alifika Jumanne, amenyoa, ananukia.

"Mabega," alisema Mbunifu. "Kumi na nane na nusu."

"Nimeandika," alisema Shangazi.

"Kifua. Arobaini na moja."

"Nimeandika."

Kikafuata kiuno. Kupima kiuno ni lazima mikono imzunguke mtu na kukutana mgongoni. Ni jambo la kawaida kabisa. Mbunifu alikuwa amezungusha mikono yake kwenye viuno vya polisi, walimu wakuu na kwaya nzima bila tukio lolote. Lakini Mtangazaji, alipoona kile kichwa kimekaribia kifua chake, alifanya lile ambalo wanaume wamefanya tangu tumbo lilipoumbwa. Alilivuta ndani. Alilivuta kwa uzalendo, mpaka macho yakamtoka.

"Thelathini na nne."

Shangazi aliinua kalamu. "Thelathini na ngapi?"

"Na nne, Shangazi."

"Haya. Nimeandika, na Mungu ananiona."

Mbunifu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuwahi kuivunja. Mteja alipimwa mara mbili. Mara ya kwanza alipimwa yule anayetaka kuwa. Kisha alipewa chai, akaachwa alalamikie kodi ya nyumba na majirani zake, na akishajisahau, utepe ulirudi kiunoni kumpima yule aliye. Kipimo cha pili ndicho kilichokatiwa kitambaa.

Siku hiyo chai ilinyweka. Mtangazaji alisimulia kisa cha waziri aliyesinzia katikati ya mahojiano, Shangazi akacheka hadi miwani ikateleza. Tumbo lilirudi mahali pake, likatulia waziwazi. Utepe ulikuwa mezani. Mbunifu aliutazama, na hakuunyanyua.

Sababu ni hii. Mikono yake ilipokutana mgongoni mwa yule mtu, ncha za vidole zilisikia joto lake kupitia shati. Zilisikia. Kwa miaka miwili zilikuwa zikitambua pamba, hariri na mahameli tu. Akashtuka kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa katika nyumba anayojua kwamba haina watu.

"Inatosha," alisema. "Vipimo ninavyo."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. Kisha aliacha mstari mmoja wazi kwenye daftari.

*

Simu zilianza siku iliyofuata, saa moja na robo asubuhi, mara tu taarifa ya habari ilipokwisha.

"Hizi ni habari kwa muhtasari," ilisema ile sauti ya bajeti na mafuriko. "Mtangazaji mmoja amekutwa akitia chumvi kwenye chai. Mashuhuda wanasema alikuwa anamuwaza mbunifu."

"Na hali ya hewa?"

"Joto linapanda, laazizi."

"Huku kuna baridi."

"Nitakuletea koti."

"Usilete koti lolote. Makoti yako nimeyaona."

Walitoka pamoja mara tatu. Mara ya tatu walikaa kwenye benchi mbele ya maktaba, yeye Mbunifu amevaa sketi ya kijani ya marinda na blauzi ya kola ya mviringo, wakala njugu kwenye karatasi.

"Unanipenda hata kidogo?" aliuliza Mtangazaji. "Kiasi cha kipande cha kukata mfuko?"

"Sijui."

"Jibu la mwanasiasa."

"Si siasa, mpenzi wangu. Umewahi kulalia mkono ukafa ganzi? Unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Mimi niko hivyo. Mwili mzima."

Hakumtania. Aliweka njugu chini. "Na ukianza kuamka?"

"Nadhani utauma."

"Basi nitakuwepo."

Alisema vizuri, na alikusudia. Siku ya kujaribisha suti alikuja mbio, hajala tangu asubuhi, akasimama mbele ya kioo kwa nusu dakika amekauka kama askari wa gwaride, akasifu, akavua. Mbunifu alisimama mbali na kumtazama usoni. Kosa juu ya kosa.

*

Suti ilikuwa ya vipande vitatu, bluu iliyokoza, kizibao cha vifungo vitano, na bitana ya zambarau ambayo hakuna angeiona isipokuwa mwenye kuivaa. Asubuhi ya Jumatatu ile, kwenye kipindi chake cha mwisho cha redio, Mtangazaji alimtaja aliyemshonea, kwa jina lake kamili, kwa fahari.

Saa saba mchana nchi ilimwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzuri. Alisoma habari ya kwanza, akasoma ya pili. Habari ya tatu ilihusu Mamlaka ya Uratibu wa Usimamizi wa Maendeleo ya Miundombinu ya Majitaka, na jina hilo hakuna binadamu anayeweza kulisoma amebana tumbo. Akavuta pumzi. Kifungo cha tatu cha kizibao kilikatika, kikaruka, kikagonga glasi ya maji.

Ting.

Utulivu wa miaka tisa ukamtoka. Alicheka kicheko chembamba, akatazama kamera isiyo yake, akasema, "Mtuwie radhi, watazamaji. Fundi wangu bado anajifunza."

Kufikia saa tisa, kipande hicho kilikuwa kwenye kila simu. Mtu mmoja alikitengenezea muziki. Kufikia jioni, bibi harusi wawili na mwalimu mkuu mmoja walikuwa wamepiga simu kusema wamebadili mawazo. Mtangazaji alipiga mara kumi na tisa. Simu ilitetemeka mezani, ikasogea taratibu mpaka ikaanguka kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, na Mbunifu akaiacha humo.

Jumanne alipiga Madam.

"Binti yangu, magauni yako ni mazuri. Hilo sibishani. Lakini siwezi kuweka dirishani jina ambalo watu wanalicheka. Ijumaa napanga dirisha. Toa lebo zako, ushone za duka, nami nayachukua yote kumi na mawili. Au niagize kwa mwingine."

"Sawa, Madam."

"Huna la kusema?"

"Nitatoa."

Alikaa karibu na dirisha akaanza kufumua. Lebo ya kwanza ilitoka, ya pili, ya tatu. Alizipanga kwenye kisahani cha chai. Shangazi alivumilia mpaka Jumatano mchana, kisha akaweka chini gauni alilokuwa akipinda.

"Hebu nikuulize. Ulimpima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi nimekuandikia daftari miaka mitatu. Hata padri ulimpima mara mbili. Kwa nini yule mara moja?"

Sindano ya kufumulia ilisimama. "Vidole vilisikia kitu, Shangazi."

"Vilisikia nini?"

"Sijui. Viliacha kuwa vya mtu mwingine. Nikaogopa."

Shangazi, aliyekwisha kuandika maelezo ya wezi, matapeli na wazee wanaogombea mipaka ya viwanja, alifunga mahojiano. Alichukua tena gauni lake. Alisema, "Na yeye mjinga amekutangaza mwanafunzi. Mmepatana."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Mtangazaji alipanda ngazi. Hakuwa amenyoa. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu, bila kifungo.

"Nilibana tumbo," alisema kabla hata ya kusalimia.

"Msalimie kwanza mtu mzima," alisema Mbunifu.

"Shikamoo, Shangazi. Nilibana tumbo."

"Marahaba, mwanangu. Tulikuona."

Akamgeukia Mbunifu. "Mlijua?"

"Wote hubana. Ndiyo maana napima mara mbili."

"Mimi hukunipima mara mbili."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilisahau."

Shangazi alikohoa kikohozi kirefu cha mahakamani.

"Nisamehe, kipenzi," alisema Mtangazaji. "Niliogopa. Kamera tatu, taa, mkurugenzi nyuma ya kioo. Neno lililokuwa karibu ndilo nililolisema."

"Ulilisema mbele ya nchi nzima. Umekuja kulifuta mbele ya Shangazi."

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Afadhali ungekasirika. Nirushie kitu. Huyu hapa asiye na kichwa, nirushie."

"Afadhali kweli," alisema Mbunifu, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Aliendelea kufumua.

Hapo ndipo Mtangazaji alipoona kisahani. Aliinama. Vitambaa tisa vidogo vyeusi, jina lilelile mara tisa.

"Hizi ni nini?"

"Jina langu."

"Mbona liko kwenye kisahani?"

Akamweleza, kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Madam, dirisha, Ijumaa. Miaka sita ya kushonea majina ya wengine, na sasa tena. Mtangazaji alisikiliza hadi mwisho. Alitazama saa yake. Akashuka ngazi bila kuaga, kwa mwendo ambao koti lile halikuwa limeshonewa.

Saa saba kamili Shangazi aliegemeza simu yake kwenye cherehani na kufungua taarifa ya habari. "Tuone kama amenyoa," alisema.

Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa suti ya bluu, kizibao kimeachwa wazi, na tumbo limekaa nje kwa uhuru wake wote. Alisoma habari ya kwanza na ya pili kwa sauti ya kukunja mashuka. Kisha akaweka karatasi chini.

"Na sasa masahihisho. Siku ya Jumatatu, msomaji huyu aliarifu kwamba fundi aliyemshonea suti bado anajifunza. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli. Uchunguzi uliofanywa mbele ya kioo umebaini kwamba siku ya kupimwa, msomaji alivuta tumbo ndani kwa makusudi, akiwa na nia ya kumpendeza mbunifu, na kwamba siku ya kujaribisha alirudia kosa hilo akiwa na akili timamu. Kiuno kilichotangazwa kuwa thelathini na nne, kwa hakika ni thelathini na saba. Mbunifu hana hatia. Tumbo limekiri. Msomaji anaomba radhi kwake, kwa jina lake, na kwa wote waliolicheka jina hilo. Tukigeukia michezo..."

Hakugeukia michezo. Picha ilikatika, ikaja ramani ya mvua.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka, akaivua tena. Mbunifu alibaki ameketi. Kitu fulani kilikuwa kinatokea mikononi mwake. Hakikuwa kizuri. Vidole vilichoma, kimoja kimoja, mpaka akaweka sindano ya kufumulia chini na kuvikunja mapajani.

Saa saba na dakika arobaini simu yake iliita. Alikuwa Madam, na alikuwa bado anacheka.

"Binti yangu! Dukani kwangu wamesimamisha kazi. Wateja wanauliza magauni ya yule mbunifu wa tumbo yanafika lini. Rudisha lebo zako."

"Asante, Madam."

"Ila niambie jambo moja. Mimi nami niliwahi kushona kabla sijawa na duka. Wanaume hubana tumbo tangu zamani, na fundi anayejua kazi hamwamini mtu kwa kipimo kimoja. Ilikuwaje?"

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Mtangazaji alitokea mlangoni, anahema, tai imefunguliwa, na kadi yake ya kazini haipo tena shingoni. Mbunifu alimwona. Ilikuwa rahisi kabisa kunyamaza. Mtu yule alikuwa amebeba kosa lote mwenyewe, hadharani, hakuacha hata kipande.

"Kosa ni langu pia, Madam," alisema. "Huwa napima mara mbili. Yeye nilimpima mara moja."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kumgusa tena."

"Uliogopa! Ana upele?"

"Nampenda."

Alilisema kwa sauti ileile ya kuagiza zipu. Shangazi alisahau kuvaa miwani.

"Basi kesho saa nne magauni yawe hapa," alisema Madam. "Yote kumi na mawili. Na siku nyingine ukipata mteja wa namna hiyo, utepe mpe shangazi yako."

Simu ikakatika. Mtangazaji alikuwa bado amesimama kizingitini.

"Wamenirudisha redioni," alisema. "Taarifa ya alfajiri. Na hilo ulilomwambia Madam, ulisemaje?"

"Umesikia."

"Mimi ni mtu wa habari. Sitangazi jambo kabla sijalithibitisha."

"Thibitisha kesho. Leo nina lebo tisa za kushona." Alijaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Uzi ukakwepa tundu. Akajaribu tena, akakosa. Machozi yalikuwa yanamshuka, mengi, bila sauti, na hakujua yalianza saa ngapi wala yote ni ya nani.

Mtangazaji alipiga hatua, akasita, akatazama mikono yake kama vitu alivyoazima.

"Wewe mwanangu," alisema Shangazi, "hapo uliposimama unatuzibia mwanga. Ingia au toka."

Akaingia.